Eyo Haisemwi Mara Mbili

Kabla eyo haijawa neno pekee alilobaki nalo duniani, Déogratias alikuwa mchoyo nalo kupita kiasi. Pale Likasi watu huimwaga eyo, ndiyo yao, kama maji ya kuoshea vyombo. Fundi anakuahidi suruali kesho, eyo. Jirani anasema atarudisha sururu yako jioni, eyo. Na mwenye kusema na mwenye kuambiwa wote wanajua kwamba kesho hakuna suruali na jioni hakuna sururu. Déogratias hakuwa hivyo. Mkewe Mwadi alipomuuliza mezani kama aongezewe bukari, mzee aliuweka mkono chini, akalitazama sufuria, akajitazama tumbo, akafikiri. Ndipo akasema, "Eyo." Na akishasema, alikula mpaka tonge la mwisho la ugali huo, hata kama njaa ilikwisha kuaga zamani.

Joëlle, binti yake, alikua akidhani kina baba wote wako hivyo. Alishangaa sana siku alipomwona baba wa rafiki yake akisema eyo huku anatazama mpira, bila hata kugeuza shingo.

Tabia hiyo ilitoka kazini. Miaka mingi Déogratias alifanya kazi usine, kiwanda cha shaba, katika ukumbi wa mabeseni ya asidi, mahali shaba inapojishika kwenye mabamba kidogo kidogo mpaka yanakuwa mazito ya kuhitaji winchi. Winchi hiyo hutembea chini ya dari, na anayeiendesha amekaa juu, hasikii kitu kwa kelele. Kinachomwongoza ni mkono wa mtu aliyesimama chini. Kidole kikielekezwa juu na kuzungushwa, maana yake inua. Kiganja kikitazama chini, teremsha. Ngumi, simama. Mtu huyo wa chini alikuwa Déogratias. Siku moja mwenzake wa zamu nyingine aliinua mkono amsalimie rafiki aliyepita mlangoni. Wa juu akaona mkono, akainua mzigo. Mabamba yakayumba, na kijana aliyekuwa karibu nayo mpaka leo anatembea kwa magongo.

"Unaona, Joëlle," baba alimwambia alipokuwa bado mtoto wa kukaa mapajani, "mukono yako ikishasema eyo, mizigo inapanda. Na ikipanda, bantu banapita chini. Njo maana minye sisemake eyo mara mbili. Naisemaka moya tu, kisha ya kufikiri."

Halafu akamfundisha zile alama pale uani, kwa mchezo. Joëlle alipanda juu ya ndoo akawa ndiye mwendesha winchi, na baba akasimama chini akizungusha kidole, naye akainua kopo kwa kamba. Mwadi aliwatazama kutoka jikoni akisema nyumba hii ina watoto wawili.

Sasa Joëlle alikuwa mtu mzima, anashona sare za shule pale soko la Kikula, na alikuwa amempenda kijana wa Kakanda anayeitwa Rolly. Hapo ndipo mambo yalipokuwa magumu. Rolly alikuwa amechimba. Si kuchimba kwa usine, kwa kofia na buti na daktari. Kuchimba kwa wale vijana wanaoshuka shimoni kwa kamba na tochi kichwani, na mama zao wanasali mpaka warudi. Alikuwa ameacha shimo, akafungua kibanda cha vipuri vya pikipiki, lakini viganja vyake vilikuwa bado vinasimulia. Tena alisali katika moja ya yale makanisa ambako amina hupigwa mpaka misumari ya bati inalegea. Déogratias alikuwa Mkatoliki wa kukaa kiti cha mbele, na wachimbaji wa mashimo aliwaita watu wasiojua kusubiri.

Rolly alipokuja kujitambulisha, mzee alimkaribisha vizuri, akampa chupa ya sucré, kwa kuwa kijana hanywi pombe. Akauliza habari za Kakanda. Muda wote alikuwa akiitazama mikono ya yule kijana, na Joëlle, aliyekuwa akisikiliza nyuma ya pazia, hakuthubutu hata kumeza mate.

"Papa," Rolly alisema mwishoni, "nilikuya kukuambia asema minye napenda Joëlle, na nataka kuleta bakubwa yangu."

Déogratias aliitazama tena ile mikono. Kisha akasema, "Balete bakubwa. Minye nitayibu siku yenyewe, mbele ya bantu."

Hakukubali, hakukataa. Joëlle alimfuata usiku na mchana kwa maswali, akampikia sombe, kisamvu anachokipenda, akamtuma mama yake amchokonoe. Wapi. Mzee alikuwa akitabasamu tu na kusema mbele ya watu ni mbele ya watu.

Mwisho wa mvua, asubuhi moja, alikuwa amekaa kitandani anafunga viatu, presha ikampiga. Alikuwa amefunga kiatu kimoja. Alirudi kutoka hospitali upande wa kuume umekufa, mkono umelala pajani kama kitu kilichosahauliwa na mgeni. Na maneno yote yalikuwa yamekwenda: Kiluba cha mama yake, Kiswahili chake cha utani, Kifaransa cha usine, sala za Kilatini alizokuwa akijivunia mbele ya mapadri vijana. Lilibaki moja tu. Eyo.

Mungu naye ana mizaha yake, na anayebisha hajawahi kukaa na mgonjwa. Mtu aliyeipima eyo maisha yake yote kama dawa ya sumu, sasa ilimtoka mdomoni bila kuombwa. Papa, unaumwa? Eyo. Papa, huumwi? Eyo. Tufungue dirisha? Eyo. Tulifunge? Eyo. Mkono wa kushoto ulishika kijiko tu, haukujua bado kuonyesha kitu, na hata kichwa hakikuaminika tena; alikitikisa pale alipotaka kukubali, akakiinamisha pale alipotaka kukataa, kisha yeye mwenyewe akajiona amekosea, machozi yakamtoka kwa hasira. Daktari aliwaambia kwamba akili ipo nzima na anaelewa kila kitu, ila njia ya kutokea nje ndiyo imekatika. Joëlle alipolisikia hilo alikaa chini palepale kwenye korido ya hospitali. Aliona vibaya zaidi kuliko kama wangemwambia baba haelewi.

Kidogo kidogo akajifunza kumsoma machoni. Akitaka maji, macho yalikwenda kwenye kikombe. Akitaka jua, yalikwenda mlangoni. Lakini jambo la Rolly halikuwa na kikombe cha kutazama.

Basi akaja tantine Fidélie. Huyu ni dada mkubwa wa Déogratias, anakaa Kambove, na kila akija Likasi huja na begi lake na kanuni zake, na begi ndilo jepesi. Alimbusu mdogo wake, akamlilia kidogo, akamfuta mate kwa upindo wa kitenge chake, halafu akakaa na kusema lililomleta.

"Ku kwetu," alisema, "tata akitoaka mutoto mwanamuke, haseme na kinywa tu. Anakunja bile biganja, anapiga makofi pole pole, bageni banasikia. Njo anasema eyo, na bantu bote banayibu: Eyo, vidye, ni kusema eyo, bwana. Kama hapana makofi, hapana ndoa. Tata yetu alipiga juu ya ndoa yangu. Déo alisikia, alikuwa mutoto."

"Tantine, papa iko na mukono moya tu," Joëlle alisema.

"Naona."

"Alors weye umupigie. Weye njo mukubwa yake."

Fidélie akatikisa kichwa. "Kama tata alikufa, ndugu yake anapiga. Lakini muntu muzima hapigiwake makofi. Ukimupigia, unamuzika, na ye iko nakuangaria."

"Donc tungoye nini?"

"Tungoye apone."

"Na kama haponi?"

Tantine Fidélie alikifungua kilemba chake, akakifunga upya, ingawa hakikuwa kimelegea. Joëlle alilielewa jibu hilo vizuri mno. Ndoa yake ilikuwa imewekwa nyuma ya mazishi ya baba yake. Tangu siku hiyo, kila alipoiwaza arusi aliona kama anashika koleo na kumchimbia baba kaburi, na aliona aibu hata kumwambia Rolly.

Walikuwapo waliomshauri waende komini, kwa serikali, wakaandikishwe, yaishe. Ushauri wa bure huwa haukosekani. Yeye hakutaka. Alijua kwamba mzee alikuwa tayari na jibu siku ile aliposema atajibu mbele ya watu. Déogratias hakuwa mtu wa kuahidi jibu asilonalo. Jibu lilikuwa mle ndani, zima, limefungiwa pamoja na kila kitu kingine. Kama lilikuwa la kukataa, alitaka kulisikia. Kama lilikuwa la kukubali, angeishi vipi maisha yote bila kulisikia?

Mwadi ndiye aliyekata shauri. "Bakuye," alisema. "Papa yako alisema atayibu mbele ya bantu. Bantu bakuye, tutaona."

Asubuhi ya siku hiyo kulikuwa na baridi ya Juni, na vumbi jekundu lilikuwa limetulia juu ya majani. Joëlle alimnyoa baba ndevu, akamvalisha shati jeupe, akaupanga ule mkono wa kuume vizuri pajani. Halafu, kwa kuwa walikuwa peke yao, akapiga magoti.

"Papa. Rolly, unamukubali?"

"Eyo."

Joëlle akajilazimisha kuuliza swali la pili, kwa sababu alikuwa binti wa baba yake.

"Papa, unamukatala?"

"Eyo," alisema mzee, kwa sauti ileile, na macho yake yalikuwa yanamsihi kitu ambacho Joëlle hakukijua. Alilibeba beseni la maji ya ndevu mpaka nyuma ya nyumba, akalilia humo.

Wageni walifika mchana kwa taxi-bus, wamebanana na mbuzi. Msemaji wao alikuwa papa Bertin, mjomba wa Rolly, mtu mnene mwenye sauti ya kuitikisa glasi iliyo kabatini. Walileta jembe, vitenge, gunia la chumvi, na yule mbuzi, ambaye alifungwa mlangoni akawa anachungulia ndani kama naye amealikwa. Rolly alikaa karibu na mlango, mikono ameificha katikati ya magoti. Déogratias alikuwa kwenye kiti chake cha mkono, mbele ya wote. Joëlle, kama inavyopasa, alikaa kwenye mkeka karibu na mama yake na kutazama chini.

Bertin alisimama. "Papa Déo, na weye mama Mwadi, na weye mama Fidélie. Siye tulikuwa tunapita tu. Tukaona ua ya kunukia mu lupango, hapa ku nyumba yenu. Tukasema, Bwana asifiwe, hii ua inatoka wapi? Lelo tulikuya kuomba. Papa, tunaweza kuichuma?"

"Eyo," akasema Déogratias.

"Amen!" akapaza Bertin, na watu wake wakaitikia amina moja ya nguvu, na mama mmoja upande wao akaanzisha vigelegele.

Tantine Fidélie aliinua mkono. Vigelegele vikakatika njiani.

"Papa Bertin, pole pole. Mu-ulize kama anataka ile mbuzi yenu ilale naye mu kitanda."

Bertin alitazama huku na huku. "Mama, ni mambo gani hii?"

"Mu-ulize tu, papa. Pardon."

Yule mtu mnene alijikohoza. Sauti yake kubwa ilikuwa imepungua kabisa. "Papa Déo... mbuzi ilale mu kitanda yako?"

"Eyo," akasema Déogratias.

Mtu mmoja alicheka nyuma, akajikamata. Mzee akafumba macho. Joëlle aliona kope zake zimelowa, akamchukia shangazi yake kwa moyo wote. Lakini alipomtazama usoni aliona kwamba Fidélie naye anatetemeka midomo.

"Huyu ni mudogo yangu," Fidélie alisema. "Minye nilimubeba ku mugongo. Hakuna muntu anatakaka hii ndoa kunipita minye. Mais siwezi kubeba eyo yenye haina mukono. Kesho mukizala, mutoto akigonjwa, bantu batasema: ile ndoa, nani aliipigaka makofi? Minye nitasema nini?"

Bertin aliomba dada mtu apige kwa niaba. Akaambiwa yale ya mtu aliye hai. Aliomba waombe, mgonjwa apone palepale. Wakaomba, amina zikapigwa, bati la Mwadi likastahimili, na mkono wa kuume ukabaki pajani ulipokuwa. Mwishowe Bertin alipangusa uso, akasema kwa upole kwamba basi, watarudi siku nyingine, Mungu akipenda. Akainama akachukua jembe. Mwingine akachukua vitenge. Joëlle alijua, kama kila mtu pale alivyojua, kwamba vitu vya mahari vikiingia mlangoni na kutoka tena, mara nyingi huwa havirudi. Rolly alikuwa bado amekaa, kichwa ameinamisha, kama aliyengoja aambiwe na miguu yake.

Ndipo uliposikika mshindo.

Déogratias alikuwa amepiga mkono wa kiti kwa kiganja chake cha kushoto. Alipiga tena. Kila mtu akasimama alipokuwa, Bertin na jembe lake mkononi. Mzee aliunyoosha ule mkono mbele yake, kiganja kikitazama juu, vidole vimekunjwa kidogo, kama mtu anayekinga maji ya bomba. Akangoja.

"Eyo," alisema.

Joëlle ndiye aliyeelewa kwanza. Mzee alikuwa anataka kiganja cha pili. Akatambaa kwa magoti mpaka kwenye kiti, machozi yanamtoka, akaukunja mkono wake na kuuweka juu ya mkono wa baba.

Baba akausukuma.

Hakuusukuma kwa nguvu, lakini aliusukuma wazi, mbele ya wageni, akauondoa kabisa. Joëlle alibaki amepiga magoti, mkono wake hewani, na kwa muda hakuweza kuwaza chochote ila kwamba jibu limekuja, nalo ni hapana. Halafu wazo la pili likamjia juu ya lile la kwanza. Tangu siku ya kiatu kimoja, hakuna mtu aliyekuwa amemwona baba yake akikataa kitu. Hawakuwa na njia ya kujua anachokataa. Na sasa alikuwa amekataa, na kila mtu ameona, hata mbuzi.

Mwadi alisogea. Kwa haya ya mke mbele ya wakwe aliutoa mkono wake, uliompikia na kumuosha mume huyu. Déogratias aliushika kidogo, akaubonyeza kwa upendo, kisha akaurudisha kwenye mapaja yake. Hapana.

Tantine Fidélie alisimama, akaja, akauweka wake. Mzee alimtazama dada aliyembeba mgongoni, akautoa. Hapana.

"Yesu Maria," Fidélie alinong'ona. Alirudi nyuma hatua moja, na uso wake ulikuwa umebadilika. "Déo iko nasema."

Sasa mkono ule wa kushoto uliinuka. Vidole vilijifunga vyote isipokuwa kimoja. Kidole hicho kilielekea juu, na kwa taratibu kikaanza kuzunguka. Watu walitazama dari. Mmoja alidhani mzee anaonyesha mbinguni, akasema amina ya chini chini. Lakini Joëlle alikuwa amesimama juu ya ndoo uani, ana kamba na kopo mikononi, na baba yake kijana yuko chini anamtazama kwa makini yote ya dunia. Aliyafuata macho ya mzee. Yalikuwa yamepita juu ya Bertin, juu ya jembe, yakaenda mpaka mlangoni.

"Rolly," alisema. "Papa anakuambia: inuka."

Rolly aliinuka. Alikuja kama mtu anayeingia shimoni asilolijua, anajaribu ardhi kwa mguu. Alipiga magoti mbele ya kiti, na hakujua la kufanya na mikono yake, akaiweka nyuma. Mzee alikunjua vidole, akakinga. Akangoja. Kijana akautoa mkono wa kuume.

Déogratias hakuusukuma. Aliushika, akaugeuza, akakikagua kiganja: makovu ya kamba, ukucha mmoja uliokufa, weusi wa oili ambao hakuna sabuni inayoutoa. Aliukagua kwa muda mrefu, kama alivyokuwa akiikagua kamba ya chuma kabla ya kuruhusu mzigo. Kisha kwa kidole gumba alivikunja vidole vya yule kijana, kimoja baada ya kingine, mpaka kiganja kikawa na uvungu unaotakiwa. Akauvuta mkono huo na kuushusha mpaka mahali ulipolala mkono wake mwenyewe uliokufa, akauweka juu yake. Sasa Déogratias alikuwa na mkono wa kuume.

Akapiga.

Ilikuwa sauti ya chini, nzito, yenye uvungu ndani yake. Joëlle alikuwa hajawahi kuisikia maishani, na hata hivyo aliijua. Mzee akapiga tena, pole pole, kiganja chake juu ya kiganja cha kijana. Akapiga tena. Rolly alikuwa analia bila sauti, mabega yanamtikisika, lakini mkono wake aliushikilia imara, haukutikisika hata kidogo.

"Eyo," akasema Déogratias.

Lilikuwa neno lilelile alilompa daktari, na dirisha, na mbuzi. Lakini lilishuka mle chumbani likawa na uzito wake wa zamani, ule wa meza ya chakula, wa mtu aliyekwisha kufikiri. Joëlle alimwogopa baba yake kwa muda, kama unavyoogopa unapoona mlima uliouzoea umesogea.

Tantine Fidélie alishuka chini, magoti yake mazee yakalia, akakunja viganja, akapiga. "Eyo, vidye," alisema. Mwadi akafuata. Kisha wote, na hata Bertin, aliyeweka jembe chini na kusahau kabisa amina yake. "Eyo, vidye."

"Papa Bertin," Fidélie alisema, anafuta macho kwa kilemba, "keti. Muzima alipiga makofi, na mikono mbili. Minye sina neno." Alivuta kamasi bila haya. "Mukono ya Joëlle alikatala sababu ni mutoto, haiwezi kujitoa yeye mwenyewe. Yetu alikatala sababu ni ya hapa hapa. Alikuwa natafuta yenye itabakia na mutoto wake. Mungu wangu, huyu Déo. Na minye nilimupima na mbuzi."

Watu walicheka, kile kicheko cha kulia. Vitenge vikarudi mezani. Mbuzi alilia mlangoni, na mmoja akasema naye ameitikia.

Lakini ilikuwa bado sehemu moja, na Fidélie hakuwa mtu wa kuiruka, makofi au hakuna makofi. Alimgeukia Joëlle. Kwa desturi binti naye huulizwa, tena huulizwa zaidi ya mara moja, watu wasije wakasema alisukumwa.

"Na weye, mutoto. Papa yako alikubali. Tupokee hii bintu? Hautatupatisha haya kesho?"

Ni swali ambalo Joëlle alikuwa amelijibu moyoni mwaka mzima. Alilijibu akiwa anashona, akiwa anachota maji, akiwa ndani ya taxi-bus. Angelijibu hata usingizini. Sasa alifungua mdomo, na neno halikutoka. Alimwona Rolly bado amepiga magoti, mkono wake bado umeshikwa na mzee, hajui kama anaruhusiwa kuutoa. Aliona kwamba akishasema, kitu kizito kitainuka, nao watapita chini yake maisha yao yote, yeye na huyu kijana na watoto ambao hawajazaliwa. Kwa nini hakuna aliyemwambia kwamba neno fupi hivi linatisha hivi? Kumbe aliambiwa, mapajani, na akaona ni mchezo.

Alinyamaza mpaka jasho likamtoka papa Bertin. Mwadi alimgusa kiwiko. Rolly aliinua uso, na Joëlle akamtazama machoni mpaka akaona hakuna tena kitu cha kupima.

"Eyo," alisema.

Fidélie alitega sikio, kama desturi inavyotaka. "Hatukusikia, mama. Sema tena."

"Tantine," akasema Joëlle, "nilishasema."

Kutoka kwenye kile kiti ikatoka sauti ambayo nyumba hiyo ilikuwa haijaisikia tangu mvua. Déogratias alikuwa anacheka. Alicheka kwa nusu ya mdomo, akampiga Rolly kiganjani kwa furaha, akacheka mpaka Mwadi akaja kumfuta machozi, na Fidélie, mwenye kanuni zake zote, hakuuliza tena.